Belayong Hafungi Kitu

Gari lilikuwa limeshatoka kwenye uwanja wa nyumba ndefu, ile ya familia nyingi chini ya paa moja, na kuanza kuteremka kuelekea mtoni pale Mama Mindu alipolipiga paa kwa kiganja, kwa ndani, akasema wangoje kwanza, amesikia ndege.

"Ndege gani?" Belayong akauliza, mguu tayari kwenye breki.

"Nimemsikia. Amelia upande mbaya, upande wa mkosi."

"Hujasikia kitu," akasema Babu Ugap kutoka kiti cha mbele. "Injini hii inakohoa kuliko mimi. Ndiyo maana vijana wanapenda magari, ndege akiwatukana hawamsikii. Endesha, mjukuu wangu. Endesha kabla sijafa."

Belayong alicheka, lakini mguu haukutoka kwenye breki. Alimtazama mkewe kwenye kioo. Mindu alikuwa nyuma kabisa, miguu ameinyoosha, mikono juu ya tumbo la mwezi wa nane.

"Twende," Mindu akasema. "Nimekaa kwenye baraza lile kama mkeka. Leo nataka kuona miti."

"Miti ipo nyumbani," mama yake akasema.

"Nyumbani kuna michikichi, Mama. Michikichi na moshi."

Belayong akaachia breki. Gari likaenda.

Mkanda wa kiti cha dereva alikuwa ameufunga Babu Ugap. Aliuvuta, akaubana mahali pake, huku Belayong ameinua mikono juu kama mtu anayepekuliwa. Mwanamume ambaye mkewe ana mimba hafungi kitu. Hafungi kamba, hapigilii msumari, hachomeki kigingi ardhini, hazibi tundu. Akifunga yeye huku nje, kule tumboni nako kunafungika, na mtoto akitaka kutoka hapati njia. Kama alijisahau akafunga, basi afungue mwenyewe, kwa mikono ileile, wala asikate. Watu wa mto ule wamebatizwa karibu wote, na Jumapili wanaimba mpaka paa linatetemeka, na bado hawafungi.

Belayong alikuwa ameushika mwiko huo tangu asubuhi Mindu alipoanza kutapika. Alivaa ndala hata kwenye shamba la michikichi la kampuni, alikopeleka wafanyakazi kwa gari, kwa sababu viatu vina kamba. Mtumbwi wake alifungiwa na jirani. Dukani aliomba sukari yake kwenye mfuko ulio wazi, akaibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili kama padri na kikombe cha misa. Wenzake walimtania mpaka wakachoka wenyewe.

"Belayong hafungi kitu," walisema. "Hata mdomo."

"Na suruali, nani anakufungia?"

"Ina mpira," alijibu.

Alicheka nao, lakini kwake haukuwa utani. Mimba ya kwanza ya Mindu ilimkuta Belayong mjini Miri, kwenye jengo refu la ghorofa, kazi yake kufunga nondo kwa waya. Unazungusha waya, unakaza kwa koleo, unahamia nondo nyingine, tangu jua likitoka mpaka likizama. Mama Mindu alimpigia simu akamwambia aache. Akajibu, Mama, nikiacha tutakula nini? Mtoto alikwama njiani usiku na mchana, akatoka amekufa, wa kiume. Nyumbani hakuna aliyemnyooshea kidole. Daktari alisema tu kwamba kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni na kukaza. Belayong aliposikia maneno yale, kuzunguka na kukaza, vidole vilimfa ganzi, kwa sababu vidole vyenyewe vilikuwa vinaijua kazi hiyo vizuri sana.

Tangu hapo aliogopa mikono yake mwenyewe. Hakuwahi kumwambia mkewe.

Bustani waliyokuwa wanakwenda ilikuwa ya miti ya kwao na mambo ya kwao. Zamani kidogo watu wa bustani walipita kwenye nyumba ndefu zote za mto ule kuomba miche, na Babu Ugap akawapa ya kilima chake. Baadaye kilima kikafyekwa, ikapandwa michikichi, na miti ya babu ikawa imebaki kule tu, yenye vibao vya majina. Siku ile ilikuwa inafunguliwa njia mpya ya matembezi, na yeye alialikwa aje kuwaonyesha wageni jinsi kwale anavyotegwa. Alikuwa amenyoa ndevu mara mbili.

Langoni walipokewa na msichana aitwaye Jeneth, mwenye kofia ya bustani, mtu wa mto mwingine lakini lugha ile ile. Wageni walikuwa walimu kutoka mji wa Kuching, basi zima, kila mmoja na simu mkononi.

"Huyu ndiye mwenye miti?" Jeneth akauliza.

"Mwenye miti ni Mungu," Babu akasema. "Mimi niliibeba tu mgongoni. Ule pale ni wangu, ule wenye uzio."

"Ule wa sumu?"

"Ndiyo. Mpole sana ukimzoea. Kama binti yangu."

"Nimesikia, Baba," Mama Mindu akasema.

Hata Mindu alicheka. Kisha akasema mgongo unamuuma, na mama yake akamshika mkono wakashuka kukaa kwenye kivuli cha mshokishoki wa porini, karibu na maegesho. Belayong alitaka kukaa nao. Babu akamwita. "Njoo unibebee fito. Kubeba si kufunga."

Basi akapanda naye, mikono mfukoni kila ilipokuwa haina mzigo. Njia nzima ilikuwa imejaa vitu vya kufungwa. Kamba za henzerani zilikuwa kando ya njia, magome ya mti yaliyopondwa kuwa nguo yalikuwa yametundikwa, vikapu vilikuwa vimesukwa nusu ili mgeni ajaribu. Mwalimu mmoja mnene alimnyooshea mwavuli wenye utepe, akamwomba amkazie. Belayong alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Mwalimu akashangaa, akaufunga mwenyewe.

Juu kilimani paliachwa mti mchanga mmoja, mwembamba na mnyumbufu, kwa ajili ya mtego. Babu Ugap akapiga magoti. Walimu wakazunguka, simu juu. Aliuinamisha ule mti kwa mkono wa kushoto, akatafuta kamba kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Ulikuwa unatetemeka nyumbani pia, lakini nyumbani hakuna aliyekuwa anautazama. Kamba ikamponyoka. Mti ukafyatuka, ukamchapa usoni.

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Chini ya jicho la babu palikuwa na damu.

"Labda tuendelee mbele," Jeneth akasema kwa sauti ya upole. "Babu amechoka."

"Sijachoka."

Akajaribu tena. Kigingi hakikushika, kamba ikateleza, na safari hii mti ulifyatuka bila kumgusa, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa baya zaidi. Masikio ya mzee yakawa mekundu. Alibaki amepiga magoti akitazama ardhi, na yule aliyecheka alikuwa bado anarekodi.

Belayong hakuamua kitu. Alijikuta chini, jiwe mkononi. Alipigilia kigingi, akauinamisha mti, akaizungusha kamba, akapitisha ncha, akakaza, akalitandaza tanzi juu ya majani. Yote hayo yalikwisha kabla mtu hajasema neno. Mikono iliifurahia kazi hiyo, kama mbwa aliyefunguliwa.

Walimu wakapiga makofi. "Mmeona!" Babu Ugap akamshika bega, uso wenye damu unacheka wote. "Mume wa mjukuu wangu! Nimemfundisha mimi!"

Belayong akasimama, akajipangusa udongo kwenye viganja, na ndipo alipoviona viganja vyake.

Angeinama palepale afungue. Lakini walimu walikuwa wameshaukaribia mtego, wanapiga picha, Jeneth ana kijiti cha kuufyatulia, na babu alikuwa anaeleza, amesimama wima. Belayong akajiambia, wakiondoka tu, nafungua. Ni muda mfupi. Muda mfupi hauna neno. Akasimama akingoja, na alikuwa bado anangoja aliposikia kutoka bonde la maegesho sauti ya Mama Mindu ikiliita jina lake.

Chupa ilikuwa imepasuka. Mindu alikuwa ameinama, ameushika mti, gauni limelowa, na macho yake yalimtafuta Belayong kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

"Mapema," alisema. "Ni mapema, Belayong."

Jeneth alikuwa amemfuata mbio, akasema yeye atawaonyesha njia ya mkato hadi hospitali ya mjini. Walimpakia Mindu nyuma, Mama Mindu akaingia akamwegemeza mapajani mwake, Jeneth akakaa mbele. Babu aliachwa kileleni. Belayong aliwasha gari.

"Belayong," Mama Mindu akasema kutoka nyuma, taratibu. "Umefunga kitu leo?"

"Hapana, Mama."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi. Gari likatembea. Nyuma Mindu aliguna, akanyamaza, akaguna tena, na mama yake akawa anamwambia asukume pumzi, asizuie. "Inabana," Mindu alisema. "Mama, inabana tu, haiji, inabana." Belayong aliusikia waya ukikaza. Aliusikia hasa, ule mlio mdogo wa koleo, zungusha, kaza. Walifika langoni, mlinzi akainua kizuizi, na Belayong badala ya kupita akazima gari.

"Mbona umesimama?" Jeneth akasema.

"Nimefunga."

Aliitazama mikono yake juu ya usukani.

"Mtego wa Babu. Na kigingi nimepigilia mimi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, wakamcheka, nika..."

Mama Mindu hakupiga kelele. Belayong alikuwa amejiandaa kwa kelele. "Nenda," akasema kwa sauti ndogo. "Shuka uende sasa hivi."

"Usiende," Mindu akasema. "Belayong, endesha gari."

"Mindu..."

"Endesha gari! Mtoto wangu hayuko kwenye kamba, yuko humu!"

Alimgeukia. Uso wa mkewe ulikuwa na rangi ya majivu, nywele zimemganda mdomoni. Alitaka kumtii. Angeweza kumtii, kama asingekuwa ameshamzika mmoja.

"Unajua kuendesha?" akamwuliza Jeneth.

"Najua. Vibaya."

"Vibaya inatosha."

Akashuka, akaanza kukimbia. Nyuma yake gia zililia, gari likaruka kama chura, likaondoka. Mindu alikuwa anamwita jina. Hakuwa anamlaani wala kumwombea, alikuwa anamwita tu, mpaka kona ikaimeza sauti.

Ndala zilimvuka kwenye mteremko wa kwanza, akaziacha. Alipita nguo za magome, akapita mti wa sumu na uzio wake. Mwili mzima ulikuwa umegeuka sikio, kana kwamba angeweza kumsikia mtoto kutoka huko alikokuwa. Alifika kileleni pumzi zikimkata, akakuta mti umesimama wima.

Tanzi halikuwepo. Kipande tu cha kamba kilikuwa kinaning'inia kule juu, kimekatwa.

Babu Ugap alikuwa amekaa kwenye gogo, jeraha ameshabandikwa plasta, peke yake na furaha yake. "Wameshuka kunywa chai. Umewaona walivyo..."

"Kamba iko wapi?"

"Yule mwalimu mwenye miwani aliomba ukumbusho. Nikamkatia, nikamvisha mkononi kama bangili. Akafurahi!"

"Umeikata, Babu?"

Mzee akamtazama uso, akatazama miguu yake mitupu. Rangi ikamtoka taratibu kuanzia juu. "Mindu," akasema. "Mungu wangu. Nilisahau. Nilikuwa natazama mikono yako tu, ilivyokuwa inafanya vizuri, nikasahau una mke."

Belayong alikuwa ameshageuka.

Walimu walikuwa chini ya banda, vikombe mkononi. Mwenye miwani, mama mmoja wa Kichina aliyeitwa Mwalimu Lau, alikuwa ananawa mikono bombani, na tanzi lilikuwa pale juu ya saa yake, limelowa. Aliona mtu mwenye matope akimjia mbio na kumdaka mkono. Alipiga ukelele, kikombe cha mtu kikaanguka.

"Wee! Mwache!" Yule mwalimu mnene akamshika Belayong shati.

"Mke wangu anazaa," Belayong alisema. "Fundo hili ni langu. Nimelifunga mimi. Mke wangu anazaa."

Walitazamana. Wengine walidhani amelewa. Ni dereva wa basi lao, mtu mzima wa pwani ya huko huko, anayeujua mwiko ule, aliyeweka chini kikombe chake.

"Mpe mkono, Mwalimu," akasema. "Mpe tu, utaelezwa baadaye."

Mwalimu Lau akaunyoosha mkono. Fundo la mtego wa kwale limetengenezwa ili mnyama akivuta ndiyo likaze zaidi, na hili lilikuwa limevutwa, limenyweshwa maji, limekuwa gumu kama mfupa. Kucha ziliteleza. Vidole vile vile vilivyokuwa hodari kule juu sasa havikujua pa kuanzia.

"Tukate," mwalimu mnene akasema, kisu cha mkate mkononi. "Tulikate tu, bwana."

"Usiguse!"

Akaliweka mdomoni. Aliuma kamba juu ya mkono wa mwanamke asiyemjua, akisikia mshipa wake ukidunda karibu na ulimi, na akilini mwake Mindu akisema inabana, inabana. Mwalimu Lau akafumba macho. "Taratibu," akamwambia, kana kwamba anasema na mwanafunzi. "Sikukimbii. Taratibu." Uzi mmoja ukasogea. Kisha mwingine. Kamba ikafunguka na kumwangukia gotini, ikiwa imenyooka.

Hakusema asante. Alikimbia tena juu.

Babu Ugap alikuwa amepiga magoti anachimba kando ya kigingi kwa kisu, mikono ikitetemeka, udongo ukiruka kila upande. Hakukigusa kigingi chenyewe. Belayong alikishika kwa mikono miwili akavuta. Kilikuwa kimeingia sana, alikuwa amekipigilia kwa sifa. Alivuta huku akilia kwa hasira, na mwisho kikatoka na bonge la udongo, akaanguka chali. Akainuka, akauinamisha mti, akafungua na kile kipande kilichobaki juu. Halafu hapakuwa na kitu kingine cha kufungua.

Alisimama pale. Alikuwa ametarajia kusikia kitu mwilini, kulegea fulani. Hakusikia kitu. Majani yalikuwa majani. Simu yake haikuwa na mtandao. Hofu ilikuwa palepale, haikupungua hata kidogo, na sasa haikuwa na kazi ya kufanya.

Dereva wa basi aliwachukua yeye na babu bila kuombwa, walimu wakapanda nyuma yao. Belayong alikaa mbele, mikono imefunguka juu ya mapaja. Hakuthubutu hata kukunja ngumi. Babu kando yake alikuwa anasema chinichini, si kwa Mungu wa kanisani tu, bali kwa kila aliyewahi kumjua.

Kabla ya daraja kubwa waliliona gari.

Lilikuwa limesimama nusu barabarani na nusu majanini, milango yote wazi. Basi halijasimama vizuri Belayong alikuwa ameshashuka. Ndani hapakuwa na mtu. Kiti cha nyuma kilikuwa na damu, damu nyingi, na khanga ya Mama Mindu imebanwa kwenye mlango. Kofia ya bustani ilikuwa sakafuni. Aliiokota, akatazama huku na huku.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke anayeuza mahindi ya kuchemsha.

"Walichukuliwa na gari la hospitali," akasema.

"Wazima?"

Mwanamke akamtazama babu mwenye plasta, akamtazama yeye, miguu mitupu, mdomo umechanika kwa kamba.

"Sikuuliza," akasema.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa kwenye kiti kile cha nyuma, mdogo kama paka, akawekwa kwenye kisanduku cha kioo kwa wiki kadhaa, akapona. Anaitwa Lunsa, na sasa anasoma. Mindu alipoteza damu nyingi, akatoka hospitali baada ya mtoto. Hakuzaa tena. Mama Mindu anasema mtoto alikwama mpaka fundo lilipofunguliwa. Jeneth, aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe, anasema mtoto alikuwa ameshatoka na kulia mapema mno, Belayong akiwa bado anapanda kilima. Hakuna aliyeangalia saa. Mindu hashindani nao. Akikasirika husema kwamba siku aliyozaa, mumewe alikuwa anamuuma mkono mwanamke mwingine, na watu wa barazani hucheka, naye hacheki. Alimsamehe mumewe Lunsa alipoanza kutembea, au alisema amemsamehe. Babu Ugap hakutega tena mbele ya wageni, akafa kiangazi kilichofuata, usingizini. Mwalimu Lau alituma nguo za mtoto mara moja, halafu hakusikika. Jeneth aliolewa Bintulu. Mtego bado unaonyeshwa bustanini, lakini huufunga msichana. Belayong bado anapeleka wafanyakazi wa michikichi, kwa gari la kampuni. Lile la siku ile aliliuza kwa mtu wa Sibu, na viti vyake.